Nazi Tuliyoipeleka Kachi

Mwezi uliopita nilikuwa Kilindoni, kisiwani Mafia, kwa shughuli ya arusi. Asubuhi moja nikaenda sokoni kutafuta pweza, nikamkuta mgeni mmoja, mama wa makamo, mzungu, kofia pana kichwani na kamera shingoni. Alikuwa akipiga picha kila kitu: mizani, mafungu ya ndimu, paka, hata kijana wa bodaboda aliyesinzia juu ya pikipiki yake. Akamwuliza muuza pweza kama magofu ya Kua yanaweza kuonekana bila kuvuka maji. Muuzaji akamjibu kwa adabu kwamba Kua iko Juani na Juani ni kisiwa, hakuna njia isipokuwa chombo. Kisha akanigeukia mimi, akasema, "Wageni hawa, bibi, hushangaa hata chumvi." Nikacheka naye, ila yule mama nilimwonea huruma, kwa sababu na mimi niliwahi kuwa mgeni wa kushangaa chumvi. Nilikuwa sijamaliza darasa la nne, na nchi niliyoishangaa ilikuwa India.

Utaniuliza, rafiki yangu, Mhindi gani tena anayekwenda kuishangaa India? Ndivyo walivyosema Kilindoni nzima siku tulipoaga. "Haya, nendeni kwenu salama." Kwetu gani? Baba yangu alizaliwa Kilindoni. Mama alizaliwa Kilindoni, na mama yake alizaliwa Chole. Kachi, huko Gujarati walikotoka wazee wa zamani, tulikuwa tunaijua kwa jina tu, kama mtoto anavyomjua babu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Nyumbani tulizungumza Kikachi, lakini Kikachi chenyewe kilikuwa cha kisiwani. Tulikuwa tukisema sufuria, fagio, kisu, kikapu, na mimi nilidhani hayo yote ni Kikachi safi.

Duka letu lilikuwa kwenye njia inayoteremka bandarini. Baba aliuza sukari, mafuta ya taa, sabuni za mche na kanga, na alinunua mbata, ile nazi iliyokaushwa, kutoka kwa wakulima. Harufu ya mbata ilikuwa kwenye nguo zetu, kwenye magodoro, kwenye nywele. Nazi zenyewe hakuna aliyezihesabu kuwa kitu. Mtoto akikosa kiti, anakalia nazi. Mlango ukigongwagongwa na upepo, unawekewa nazi. Ukitumwa kwa jirani kuazima chumvi, unarudi na chumvi na nazi mbili.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ujamaa. Kila jioni baba alisikiliza redio sikio likiwa karibu na kitambaa cha spika, na kila asubuhi wanaume walisimama dukani kujadili alichosikia. Mmoja anasema maduka ya watu binafsi yatachukuliwa yote, mwingine anasema haitafika huko, wa tatu anasema ndugu zake wa Dar es Salaam wameshafunga mizigo. Baba hakuwa mtu wa kuchukia serikali. Alikuwa na kadi ya chama na aliitunza vizuri. Lakini alikuwa na mke na mabinti wawili, na hofu ilimkaa.

Adhuhuri moja, duka likiwa tupu, alimwambia mama, "Nendeni mkatazame. Hapa pakiharibika, tujue kama kule kuna mlango wa kuingilia. Kama hakuna, tujue vilevile." Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la mchele. Dada yangu alikuwa akikunja kanga, na nakumbuka aliacha kukunja.

Dada huyu ndiye aliyenilea. Mama alikuwa na duka la kumsaidia baba, kwa hiyo kichwa changu kilisukwa na dada, homa yangu iliuguzwa na dada, na hesabu za shule nilifundishwa na dada kwa kokwa za maembe. Alikuwa amemaliza shule na jioni alifundisha kisomo cha akina mama wa mtaani. Nikipita niliwasikia wakicheka kuliko walivyosoma. Nilimpenda kuliko nilivyompenda mama, na mama alilijua hilo na hakukasirika.

Siku ya kuondoka, jirani yetu, mama mmoja mwenye shamba la minazi upande wa Kiegeani, alikuja na kikapu kizito kichwani. Akakitua mlangoni, akamsuta mama: "Nyie mnakwenda kwa watu mikono mitupu? Hata! Chukueni nazi hizi, nimezichagua mwenyewe, kavu zote. Wakizila watajua mnatoka penye neema." Mama akasema India nazi zipo. "Zipo zao," jirani akajibu, "hizi ni zangu." Basi tukaenda Dar es Salaam na kikapu, tukapanda nacho meli ya Bombay, na mama akabeba pia mbuzi ya kukunia, maana alisema hawezi kukuna nazi kwa mbuzi ya kuazima. Baba alibaki na duka.

Melini tulilala kwenye sitaha ya chini, sisi watatu juu ya godoro moja, katikati ya watu waliokuwa wakirudi kwao na watu waliokuwa, kama sisi, hawajui kama wanarudi au wanakwenda. Mama alitapika tangu tulipoiacha Dar es Salaam. Dada alizunguka kuwasaidia wenye watoto. Mimi nilikula. Bombay tulipofika, afisa wa forodha alichungulia kikapuni, akatoa nazi moja, akaitikisa sikioni, akacheka na kuwaita wenzake waje wawaone watu waliosafirisha nazi kuipeleka India. Nazi zikapita. Mbuzi ya kukunia ndiyo iliyotuweka pale muda mrefu, kwa sababu ule ulimi wa chuma wenye meno hawakuelewa ni silaha ya vita gani, mpaka mama alipoikunjua, akaikalia hapo hapo kwenye saruji na kuwaonyesha kwa nazi ya kubuni.

Bombay ilinitisha. Nilikuwa natoka mji ambao gari likipita mtu anajua ni la nani. Hapa kulikuwa na mabasi yenye ghorofa, watu wengi kuliko niliowahi kuwaona, na ng'ombe aliyelala katikati ya barabara bila mtu kumfukuza. Tulifikia kwenye nyumba ya wasafiri ya Waislamu, tukapelekwa kutazama lango kubwa la mawe pwani, tukanywa faluda, tukapotea, tukaonyeshwa njia na polisi. Nilimwuliza dada mbona bahari yao imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akasema ni bahari ile ile, huku imechoka tu.

Kisha gari la moshi, kisha basi, kisha vumbi. Kachi ni nchi kavu, rafiki yangu. Nilitafuta mti mrefu nikakosa. Nyumba ya bibi, ambaye hasa alikuwa binamu wa bibi yangu mzaa mama, mzaliwa wa huko huko, ilikuwa ya mawe, na ua katikati, kwenye mji mdogo wenye ukuta wa zamani. Bibi aliishi na mwanawe, mjomba wetu, aliyekuwa fundi saa. Niliposhika mkono wa bibi nikamwambia "Shikamoo," alimgeukia mama na kuuliza mtoto ana tatizo gani. Nikangoja marahaba yangu mpaka nikachoka. Dada akaniminya bega: "Sema salaam aleikum, hapa ndiyo yao."

Wiki za kwanza tulijifunza kuishi upya. Tulijifunza kula mkate mnene wa mawele kwa siagi na kitunguu saumu, na kichiri, wali uliopikwa na dengu, kwa mtindi. Tulijifunza kuoga kwa maji kidogo mno, maana yaliletwa kwa mitungi ya shaba kichwani. Mama alikaanga ng'onda, samaki wakavu tuliotoka nao nyumbani, na madirisha ya majirani wasiokula nyama wala samaki yakafungwa moja baada ya jingine mtaa mzima, ikabidi bibi apite akiomba radhi. Siku nyingine mama akakuna nazi za jirani, akapika wali na mchuzi wa kamba wakavu. Bibi alionja, akafumba macho, akauliza, "Huu ni wali wa arusi au mnakula hivi kila siku?" Mama akajibu kila siku. Bibi alitutazama akidhani tunajisifu.

Watoto wa mtaa walinizunguka kutaka habari za simba. Nikawaambia Mafia hakuna simba, kuna viboko kwenye mabwawa, na kuna papa mkubwa kuliko mashua ambaye hamli mtu. Wakanicheka. Wakaniita Mwafrika. Nilikimbia kumshitakia dada. Yeye alikuwa juu ya paa akianua nguo, akasema, "Kilindoni wanatuita Wahindi, huku wanatuita Waafrika. Basi sisi tuna majina mawili, wao wana moja." Lakini hakucheka alipolisema. Kila siku nilimwuliza tunarudi lini, na kila siku alinijibu kwamba baba ndiye anayejua.

Mtaa wa pili kulikuwa na familia yenye duka la vitambaa, watu wa heshima, wa msikiti mmoja na mjomba. Walikuwa na gari, gari la zamani lenye mlango mmoja uliofungwa kwa kamba. Mama wa nyumba ile alipotuona tulivyo wageni, alisema haiwezekani watu watoke ng'ambo ya bahari wakae uani kutazama kuta. Akaanza kututembeza. Mwanawe ndiye aliyeendesha, yeye akakaa nyuma pamoja nasi. Tulikwenda kuona jumba la mfalme wa zamani lililojaa vioo na saa. Tulikwenda kuzuru kaburi la walii, ambako mama aliomba dua ndefu nami nikajua anaomba nini. Tulikwenda mpaka pwani, na dada alipoiona bahari alivua viatu akaingia mpaka magotini na nguo zake. Yule kijana hakutusemesha. Alizungumza na kioo cha mbele tu. Mara moja aliuliza, bila kugeuka, kiboko hula nini. Dada akamjibu kwa urefu, na gari likaenda polepole mpaka jibu likaisha.

Sasa nikwambie kosa lenyewe. Katika kikapu ilibaki nazi moja, nzuri kuliko zote, ya duara na iliyojaa. Mama alikuwa ameiweka makusudi. Asubuhi moja bibi amekwenda sokoni na mjomba yuko kazini, mama akasema hatuwezi kubebwa huku na huku na watu bila kuwarudishia fadhila. Akatoa kanga mpya nyekundu kwenye sanduku, akaifunga ile nazi vizuri, maana jirani yetu wa Kilindoni alimfundisha kwamba zawadi haiendi uchi. Akamwambia dada avae vizuri. Tukaenda sote watatu, mama mbele, dada nyuma yake amebeba nazi.

Yule mama aliifungua ile kanga. Halafu akaishika nazi kwa mikono miwili, akaigusisha kwenye paji la uso, akaita mumewe, akaita mashemeji, akaita watu wa ghorofani. Nyumba nzima ikasimama. Kijana alitokeza mlangoni, akaona, akarudi ndani mbio. Dada akaingizwa kipande cha sukari guru mdomoni, akafunikwa kichwa kwa shali ya hariri ya kijani yenye vioo vidogo, akabusiwa na wanawake wote kwa zamu. Na mimi nikapewa sukari guru. Mama yangu uso wote ulikuwa furaha. Njiani alikuwa haishi kusema: "Ama watu hawa wana shukrani! Nazi moja tu, tazama walivyotukirimu! Jirani nitamhadithia."

Bibi alikuwa amesharudi. Aliiona shali kichwani mwa dada kabla hatujavua viatu. "Mmetoka wapi?" Mama akamweleza. "Mmepeleka nini?" Mama akamweleza, na kanga nyekundu, na jinsi walivyosimama. Bibi akakaa chini kwenye kizingiti.

"Binti yangu," alisema, "kwenu huko mtu huposwa vipi?"

Mama akasema kama watu wote: wazee wanakwenda, wanapeleka posa, wanakubaliana mahari.

"Hapa mama wa msichana akipeleka nazi nyumba yenye kijana, amempeleka binti. Na nazi ikipokewa, binti amepokewa."

Usimcheke mama yangu, au mcheke kidogo tu. Huenda wazee wetu waliokuja zamani walikuja na desturi ile. Lakini Mafia nani angefungisha uchumba kwa nazi? Tungekuwa tumeposana kisiwa kizima. Ilikufa yenyewe, na hakuna aliyegundua kwamba imekufa, mpaka siku ile mama alipokwenda kuifufua bila kujua. Kabla ya magharibi majirani, hata wale wa madirisha, walikuwa wameshafika na sahani za vitamu kutoa pongezi. Mama alizipokea huku machozi yanamtoka, nao wakaona ni uchungu wa kawaida wa mama anayemwoza binti.

Mjomba alisema nazi ikishapokewa hairudishwi, na yeye atawatazama vipi wale watu msikitini. Mama akamjibu kwamba hakumleta mwanawe kuja kumsahau huku kwa sababu ya zawadi. Mimi nilikuwa nimemng'ang'ania dada mkono wote. Dada alikuwa ameikunja ile shali na kuiweka magotini.

Asubuhi yake mama alinichukua mimi tukaenda kuomba radhi. Alimweleza yule mama habari yote, tangu jirani na kikapu mpaka kanga. Yule mama akasikiliza, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. "Nyinyi mnazikalia?" aliuliza. Mama akasema naam, tunazikalia. Halafu kicheko kikaisha, na nikaona kwamba ameumia. Nazi ilikuwa kwenye rafu nyuma yake, nzima, juu ya kanga yetu.

"Bado hatujaivunja," alisema. "Tulingoja Ijumaa, ukoo ukusanyike. Ukitaka, ichukue. Nitawaambia watu ni mimi niliyeelewa vibaya, wala hakuna atakayewagusa." Mama akainama kumbusu mkono, yeye akauondoa. "Ila nikuulize, dada. Msichana mwenyewe umemuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Kama uichukue au uiache."

Mama hakuichukua. Alisema atarudi. Tukarudi nyumbani, na mimi nilikuwa na furaha tele, maana nilijua jibu. Dada tulimkuta uani na ungo, anachagua mchele. Mama akachuchumaa mbele yake, akamwambia mambo yote, akamalizia, "Basi niambie nikaichukue sasa hivi, yaishe."

Dada aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. "Iache huko huko," akasema.

Mama akadhani amesikia vibaya. Akamwuliza kama anampenda yule kijana. Dada akasema ni mpole, na mama yake ni mtu mwema, na mengine yatakuja. Mama akasema hilo si jibu. Ndipo dada alipouweka ungo chini.

"Mama, tulikuja kutafuta nini huku? Baba alisema tutazame kama kuna mlango. Mjomba ana chumba kimoja na bibi analala jikoni. Mkifukuzwa kesho mtaingia wapi? Wale wana nyumba kubwa. Mimi nikiwa mle, mna pa kufikia. Huo ndio mlango."

"Hatujafukuzwa," mama alisema.

"Mkifukuzwa itakuwa mmechelewa kutafuta."

Mama alilia, akamkumbatia, na mwisho akakubali, kwa sababu hakuwa na jibu jingine la kumpelekea baba. Mimi nilijirusha chini nikagaagaa vumbini, nikasema nitabaki naye, nikasema nawachukia wote. Bibi akanibeba kunipeleka ndani. Ijumaa nazi ikavunjwa. Baba akampa mjomba uwakala kwa simu ya maandishi, nikaha ikafungwa, na dada akaolewa na yule kijana aliyetaka kujua kiboko hula nini.

Tulirudi kwa meli mimi na mama. Godoro lilikuwa kubwa mno. Kwenye gati ya Kilindoni baba alitupokea, akatubusu, kisha akatazama nyuma yetu, ingawa habari alikuwa anazo. Jirani mwenye minazi alikuja jioni. "Mwenzenu mmemwoza kwa mahari gani?" Mama akamwambia kwa nazi. Jirani alicheka akidhani ni mzaha, na alipoelewa alijifunika uso kwa kanga akalia, "Nazi zangu! Mikono yangu mimi!" Mama ndiye aliyembembeleza.

Na yale tuliyoyaogopa hayakuja. Naandika hivyo kama yalivyokuwa. Sukari iliadimika, sabuni iliadimika, kuna wenzetu waliohama Dar es Salaam na kwingine mbali zaidi, na duka la ushirika lilipofunguliwa la baba likapungua mpaka likabaki rafu. Lakini hakuna aliyetugusa. Ushirika ulimchukua baba kupima mbata, kwa kuwa mizani aliijua, na akaipima mpaka uzeeni. Alipokufa, jeneza lake lilipita mikononi mwa nusu ya Kilindoni kabla ya kufika makaburini. Mama akamfuata baadaye. Sasa mahali pa duka panauzwa vocha na chaji za simu. Magunia ya mbata hayapo, jirani hayupo, na shamba lake wamejenga. Ukisema mbata mbele ya vijana wa pale wanakuuliza ni nini.

Dada hakuwahi kurudi Mafia. Kwanza watoto, kisha wakwe wagonjwa, kisha mume, na safari yenyewe haikuwa ya kila mtu. Mama alipokwisha kufariki ndipo mimi nilipopata uwezo wa kwenda. Nilimkuta mwanamke mnene mwenye miwani, anayezungumza Kiswahili cha miaka ile, akiniuliza habari za watu ambao wengi nilishawazika. Nyumba ilikuwa imejaa wana, wakwe na wajukuu, wengine wakilala ukumbini. Usiku uliponikuta nimechoka, alinipandisha ghorofani na kufungua kwa ufunguo chumba kimoja kilichokuwa kitupu.

Mke wa mwanawe mmoja alikuwa ameshaninong'oneza habari za chumba kile. Siku ya arusi dada aliomba zawadi moja tu, chumba hicho, na tangu siku hiyo hakumruhusu mtu kulala humo. Wenyewe walikiita chumba cha Mafia. Kila Idi aliyatoa magodoro juani na kuyarudisha. Kulikuwa na vitanda vitatu vya kamba, na juu ya kila kimoja blanketi la viraka alilolishona kwa mkono. La baba, la mama, na la tatu nilipolivuta kujifunika lilinifikia magotini. Alikuwa amelishona kunitosha mimi wa darasa la nne.

Nilikaa kwenye kitanda kile nikashindwa kujizuia. Nilimwambia, "Dada, miaka yote hii. Na hakuna aliyekuja."

Alikuwa anapangusa vumbi dirishani. Aliendelea kupangusa.

"Naam," akasema. "Kila Idi nilikuwa nayatoa magodoro, nikiyakuta hayajalaliwa, nashukuru."